Kasata ya Donna Gesualda

Jumatano ya Majivu, 14 Februari

Niwie radhi, daftari. Nimekuacha kwenye droo miezi kumi na mitano, chini ya kadi za rambirambi ambazo nazo sijazijibu. Ukurasa wako wa mwisho una sentensi moja: "Leo tumemzika Enza." Miaka thelathini na minane nilifundisha Kilatini katika mji huu, nikawapunguzia alama watoto wa wachunga kondoo na watoto wa mawakili kwa haki ileile, na kosa nililolikemea kuliko yote lilikuwa kuacha kazi katikati. Sasa nimelitenda mwenyewe.

Aliyenirudisha kwako ni mjukuu wangu Giada. Ataolewa Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, tarehe 6 Aprili. Jana alikuja kunisalimu, akakaa juu ya meza yangu ya kuandikia kana kwamba hakuna viti.

"Babu, sitaki ile keki ya ghorofa wanayokata watu wa Palermo. Nataka kasata ya bibi."

"Bibi yako hakuwahi kutengeneza kasata hata moja. Shuka mezani."

"Si ya kutengeneza yeye. Ile ya kwenye hadithi yako. Na usimame uisimulie, kama ulivyosimulia harusi ya mama."

Nimeisimulia hadithi hiyo katika harusi tatu, nimesimama na kisu kabla ya kukata keki. Nitaiandika hapa mara moja, kwa usahihi, ili nisiongeze chumvi siku yenyewe ikifika.

Aprili 1966 nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, shahada mpya, na sina kazi. Nilimtaka Enza; mama yake, Donna Gesualda, hakunitaka. Tukafanya kama walivyofanya wengi wakati ule: Alhamisi alfajiri nikamtorosha, tukajificha katika nyumba ya mjomba wangu kule mizabibuni. Binti akishalala nje, wazazi hawana la kufanya ila kumwoza. Siku ya nne, Jumapili, kengele za misa zikilia bondeni, akaja mtumishi wa shamba la Donna Gesualda juu ya nyumbu, amebeba sinia ya fedha. Ndani yake kasata nzima, ile keki yetu ya Pasaka. Alisema neno moja tu: "Imetoka nyumbani." Tukajua tumesamehewa. Jumatatu tukashuka mjini. Ndani ya sakristia, mbele ya padre, nikambusu mkono Donna Gesualda nikamshukuru kwa kasata yake. Alinyamaza kwa muda wa kusali Salamu Maria moja, kisha akauliza, "Mliila yote?" Alhamisi iliyofuata tukafunga ndoa alfajiri, kwenye altare ya kando, kama ilivyowapasa waliotoroshana.

Ndiyo hadithi. Watu hulia kwenye nyumbu na hucheka kwenye "Mliila yote?"

17 Februari

Mvua. Binti yangu Cettina, mama yake Giada, amelipata daftari la mapishi la Donna Gesualda, limeliwa na panya pembeni tu.

22 Februari

Jaribio la kwanza limeshindikana, na kosa si la mpishi.

Cettina alifuata daftari neno kwa neno: unga wa kusukuma chini na juu, rikota, lile jibini laini la maziwa ya kondoo, katikati, mdalasini, kisha tanurini. Ilitoka ya kahawia, tambarare, imenyunyiziwa sukari tu. Giada alikuja kuonja. Mimi nilionja kijiko kimoja nikaweka kijiko chini.

"Siyo."

"Siyo vipi, baba?" Cettina alisema. "Huu hapa mwandiko wake."

"Ile haikuokwa. Ilikuwa na ukuta wa kijani wa lozi, juu sukari nyeupe, na matunda yaliyopikwa kwa sukari."

"Bibi Gesualda alikuwa mtu wa kijijini kwao, kasata yao ni ya kuoka. Ya kijani hakuijua kabisa."

"Niliila, Cettina."

"Umeila kwa miaka hamsini na minane, baba. Kila harusi inazidi kunona."

Giada alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

25 Februari

Mvua. Vastiano mchunga kondoo asema majani ni mazuri mwaka huu na rikota itakuwa tamu. Sikumwuliza.

2 Machi

Jaribio la pili. Cettina alinunua kasata ya kijani dukani ili, alivyosema, "tumalize ubishi." Umbo ndilo. Rangi ndiyo. Nikafumba macho, nikaonja, nikajua bado.

"Kuna kitu hakipo," nikasema. "Asumini."

Wakatazamana, yaani Cettina na Giada. Mimi nimesimamia mitihani miaka mingi. Najua kutazamana kwa watu wawili waliokubaliana jibu.

"Babu," Giada akasema polepole, kama mtu anayeongea na farasi, "labda yalikuwa manukato ya bibi. Mlikuwa mmekaa karibu."

"Nilikuwa na Enza siku tatu mfululizo, ninajua alinukia nini. Asumini ilikuwa ndani ya keki. Katika boga."

"Boga gani tena?"

"Vipande vya boga lililopikwa kwa sukari. Vilikuwa na harufu ya asumini."

Cettina alianza kukusanya sahani. Bila kunitazama akasema kuna daktari mpya zahanati, mwanamke mpole, anapima kumbukumbu kwa michoro ya saa.

Walipoondoka nilijipima mwenyewe. Niliandika majina ya darasa la mwaka 1974 kwa mpangilio wa madawati. Nilipata ishirini na sita kati ya ishirini na wanane. Hiyo si alama ya mtu aliyechanganyikiwa. Lakini pia si ishirini na wanane.

8 Machi

Upepo wa kusini. Vumbi jekundu juu ya kila kitu, hata ndani ya kamusi.

11 Machi

Nimekwenda kwa Don Mimì, mwokaji, mwanafunzi wangu wa zamani asiyekuwa na kipaji chochote cha sarufi. Nilimweleza keki ilivyokuwa.

"Asumini kwenye boga?" Alifuta mikono kwenye aproni. "Mwalimu, hilo ni jambo la watawa wa kike wa monasteri ya Badia. Kabla hawajafunga nyumba yao. Walikuwa wanaloweka maua ya asumini majini, usiku kucha, halafu wanayaweka yale maji kwenye boga likishapoa. Baba yangu alijaribu kuiba ule ujuzi, wakamfukuza na ufagio."

"Kwa hiyo Donna Gesualda aliinunua kwa watawa."

"Watawa hawakuuza kasata baada ya Jumatano Kuu. Baada ya Pasaka walikuwa wanafunga jiko, wanasali. We unasema ilikuwa lini?"

"Wiki mbili baada ya Pasaka."

"Basi ni mtu aliyefundishwa na watawa. Na hapa mjini walimfundisha mmoja tu." Akanitazama kama nilivyokuwa nikimtazama yeye mwaka 1971. "Mwalimu, si shemeji yako?"

Shemeji yangu ni Ninfa, dada mkubwa wa Enza. Ana miaka themanini na mitatu, anaishi peke yake mtaa wa juu, mlango wa tatu kutoka kanisani. Hakuja kwenye ndoa yetu. Katika harusi zote za familia huja kanisani, hukaa mezani hadi kahawa, na keki ikiletwa huchukua mkoba wake na kuondoka. Kila mara niliposimama kusimulia, niliona mgongo wake mlangoni. Nimemhesabu kuwa mwanamke mwenye kinyongo, na nimelisema hilo mbele ya watoto wangu.

Haiwezekani awe yeye. Don Mimì hakuwahi kujua lolote kwa uhakika.

13 Machi

Nilifika hadi mlango wa pili kutoka kanisani. Nikarudi.

19 Machi, Mtakatifu Yosefu

Leo nilikuwa na kisingizio: siku ya Mtakatifu Yosefu mtu hapiti kwa jamaa mikono mitupu. Nilichukua maandazi sita ya rikota nikapanda.

Alifungua mlango, akanitazama, akayatazama maandazi.

"Shemeji. Ungengoja kidogo tu ungenikuta makaburini. Usingehitaji hata kubisha hodi."

"Habari za siku, Ninfa."

"Futa miguu."

Jikoni kwake kulikuwa na bakuli la lozi zilizolowekwa. Alikaa, akaendelea kuzimenya, moja moja, ganda kushoto, lozi kulia. Nilibaki nimesimama hadi akanionyesha kiti kwa kidevu.

Nilikuwa nimeandaa utangulizi. Sikuutumia. Nilisema, "Giada anataka kasata. Ile ya mwaka 1966. Ile yenye asumini."

Mikono yake ilisimama.

"Umejuaje kama ilikuwa na asumini?"

"Niliila."

"Miaka yote hii hujawahi kusema asumini. Unasema nyumbu, unasema kengele, unasema sinia. Asumini hujasema."

"Unajuaje? Wewe huondoka."

"Naondoka ukumbini. Sauti yako inafika hadi kituo cha basi, Mwalimu."

Kisha akanieleza, bila kunitazama, akimenya lozi. Nitaandika kama alivyosema, kwa sababu mimi mwenyewe sielewi bado, na kitu kisichoeleweka lazima kinukuliwe kwa uaminifu.

Jumapili ile, 24 Aprili 1966, ilikuwa siku ya uchumba wake. Alikuwa ameahidiwa kwa Saro Lo Cascio, mtoto wa mwenye kinu cha kusagia unga. Wageni walikuwa wamekwisha kualikwa. Sisi tuliondoka Alhamisi. Ijumaa jioni mama yake Saro akaja, akaweka pete mezani, akasema nyumba ambayo mdogo anaruka dirishani, mkubwa naye atajua njia. Akaondoka. Saro alioa mwaka uliofuata huko Termini.

Nilijua kwamba uchumba wa Ninfa ulivunjika. Nilidhani ulivunjika baadaye, kwa sababu ya ulimi wake. Nani aliniambia hivyo? Sikumbuki. Pengine hakuna aliyeniambia.

"Kwa hiyo ile kasata," nilisema.

"Ilikuwa ya uchumba wangu. Nikaitia kwenye sinia ya mama, nikamwambia yule mtumishi apeleke, asiseme ni ya nani."

"Kwa nini?"

"Rikota ilikuwa inachacha."

"Ninfa."

"Nini? Ulikuwa mwezi wa nne, upepo wa kusini, barafu hakuna. Nyumbani hakuna aliyeweza kumeza. Nyie mlikuwa vijana, mna njaa. Mngekula hata sinia."

Nikamwuliza kuhusu Donna Gesualda. Alicheka, mara ya kwanza.

"Mama alirudi kutoka sakristia amekasirika kama kuku aliyemwagiwa maji. Akaniambia, 'Yule kijana wa vitabu amenibusu mkono mbele ya padre kwa ajili ya keki yako. Sasa nifanye nini?' Nikamwambia, 'Pokea.' Angefanyaje? Akatae shukrani mbele ya padre? Alikuwa anakuja kuwaambia hatawapa hata shuka. Ukamziba mdomo kwa kumbusu mkono."

Nilihesabu lozi zake kwa sababu sikujua nihesabu nini.

"Nitasema ukweli siku ya harusi," nilisema mwishoni. "Mbele ya wote. Ni haki yako."

Hapo ndipo alipokasirika.

"Haki yangu! Watu mia na ishirini, na wewe umesimama na kisu, unawaambia Ninfa aliachwa na pete ikarudishwa. Nina miaka themanini na mitatu, Liborio. Nilishaachwa mara moja, unataka niachwe tena mbele ya muziki?"

"Basi nitasema kama zamani."

"Sema kama zamani. Basi itakuwa sikuwepo. Nimezoea kutokuwepo."

"Sasa unataka niseme nini?"

"Mimi nijue? Mwalimu ni wewe." Akasukuma bakuli. "Mwambie mtoto aje wiki ya Matawi, nimfundishe. Yeye. Si wewe. Na maandazi haya ni ya jana."

Ni kweli, yalikuwa ya jana.

20 Machi

Sijatoka. Sijasoma.

24 Machi, Jumapili ya Matawi

Nimekaa kanisani nyuma ya Ninfa, nikatazama skafu yake muda wote wa masomo. Miaka hamsini na minane nimeutazama mgongo huu nikausoma vibaya. Lakini sasa nikiusoma upya sipati maana moja. Napata tatu, na zote zinakubalika.

Donna Gesualda pia. Nilimheshimu kama mwanamke aliyeshinda hasira yake. Leo naona mwanamke aliyenaswa. Lakini miaka thelathini aliyoishi baada ya hapo alitutendea wema, alimlea Cettina, alikufa akiwa ameushika mkono wangu uleule uliokuwa umeushika wake siku ile. Je, msamaha ulioanza kwa kosa la mtu mwingine si msamaha? Ningemwuliza mwanafunzi swali hili, ningetaka ajibu ndiyo au hapana. Mimi nimejaribu yote mawili asubuhi hii, na padre alinikuta bado nimepiga magoti baada ya watu kutoka.

Na kuna Enza. Enza alikuwa amekula kutoka mikono ya dada yake tangu utotoni. Alipoonja ile asumini, kule mizabibuni, alijua au hakujua? Nakumbuka alilia. Nimewaambia watu alilia kwa furaha.

26 Machi

Giada anashinda kwa Ninfa. Amerudi ananukia asumini hadi kwenye nywele. Anasema bibi Ninfa anamtukana vizuri sana.

27 Machi

Nimemweleza Cettina kila kitu, nikitaraji ashangae. Alikuwa anapiga pasi. Hakuacha kupiga pasi.

"Baba, najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba ilikuwa ya mama mkubwa Ninfa. Mama aliniambia siku ya harusi yangu, kule jikoni, wewe ukiwa umekwisha kusimulia."

Nilikaa juu ya kikapu cha nguo. Kilikuwa na nguo zilizonyooshwa tayari, na hakunikemea, hivyo nikajua hali yangu ni mbaya.

"Na mimi niliambiwa lini?"

"Hukuambiwa."

"Kwa nini?"

"Nilimwuliza hivyohivyo. Akasema, 'Mwache baba yako. Bibi yako amekuwa mtu mwema kwa sababu ya ile hadithi. Akisikia anasifiwa, anajitahidi.'" Akageuza shati. "Na akasema kitu kingine. Alisema Ninfa ndiye aliyemwomba anyamaze."

"Lakini uliniambia niende kwa daktari! Asumini uliijua!"

"Asumini sikuijua, baba, naapa. Nilijua ni ya Ninfa. Nilifikiri ukiambiwa umesahau, utaacha kuchimba." Alianza kulia, kidogo, kwa hasira. "Usichimbe. Giada anaolewa. Tumekaa meza moja miaka yote, tumekula, hakuna aliyekufa."

Watu wawili katika nyumba yangu walijua, na wa tatu mlangoni, ameshika mkoba. Mimi niliyesimama katikati, na kisu mkononi, ndimi peke yangu niliyesikiliza hadithi yangu nikaiamini.

Simkasirikii Enza. Nilijaribu, sikuweza. Ningependa tu kumwuliza kama kila harusi, nilipofika kwenye "Imetoka nyumbani," alitazama sahani yake kwa aibu, au kwa huruma, au kwa sababu alikuwa akijizuia kucheka. Naikumbuka ile sura. Siwezi kuitafsiri.

31 Machi, Pasaka

Kasata katika kila nyumba. Hapa kwetu husemwa kwamba ole wake asiyeionja asubuhi ya Pasaka. Nilionja ya duka. Hakuna la kuandika.

Giada ameuliza: "Babu, bibi Ninfa akae wapi? Nataka meza yetu, pale ambapo angekaa bibi Enza." Nilisema nitafikiri. Akasema, "Unafikiri nini? Ni kiti."

3 Aprili

Nilikwenda kwa Don Mimì kuhakikisha rikota ya harusi, nikamwambia angeweza kuniletea leo.

"Leo? Kwa keki ya Jumamosi? Mwalimu, utaua wageni! Rikota ya kondoo inakuja siku moja kabla, alfajiri. Inachuja, unaichekecha mara mbili, keki inalala usiku mmoja. Siku moja tu. Hata wakati wa babu zetu, hasa wakati wa babu zetu, friji hamna."

Nilifika nyumbani, nikavua kofia, kisha nikasimama katikati ya sebule.

Siku moja kabla. Uchumba ulikuwa Jumapili. Basi rikota ilifika Jumamosi alfajiri; ilikuwa imekwisha kuagizwa, mchunga kondoo hakujua habari. Lakini pete ilirudishwa Ijumaa jioni.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi, wakati Ninfa alipoipokea ile rikota, hakukuwa na uchumba tena. Hakukuwa na kasata yoyote ya kuokoa isichache. Kulikuwa na rikota kwenye kikapu, ambayo ingeweza kuliwa na mkate, au kupewa majirani, au nguruwe. Yeye aliichekecha mara mbili. Alisaga lozi, akazikanda na sukari, akatia rangi. Alioka keki laini ya sponji. Alikata boga lenye asumini. Siku nzima, katika nyumba ambayo mama yake alikuwa amejifungia chumbani, alitengeneza kasata ya uchumba uliokwisha kufa, na Jumapili akaipeleka kwa watu wawili waliouua.

Aliniambia ilikuwa inachacha. Rikota huchacha, sawa. Lakini hakuna mtu anayechekecha rikota mara mbili kwa sababu inachacha.

Sasa sijui kama alitusamehe, au alitaka tule aibu yake hadi kipande cha mwisho. Au alikuwa na miaka ishirini na mitano tu, na mikono iliyokuwa imejiandaa kwa kazi ile, na hakujua mahali pengine pa kuiweka.

5 Aprili, Ijumaa

Nilipanda kwake saa nne. Kasata ilikuwa mezani, kubwa kama gurudumu la mkokoteni, na Ninfa alikuwa akiusawazisha ukuta wa kijani kwa kiganja. Alimtuma Giada dukani akaongeze sukari, ingawa sukari ilikuwa pale pale, mfuko mzima.

"Sema," alisema. "Umekuja na uso wa mtihani."

"Pete ilirudi Ijumaa. Rikota ilikuja Jumamosi."

Kiganja chake kiliendelea kuzunguka.

"Ilishaagizwa. Ningeimwaga?"

"Ungeila na mkate."

"Hatukuwa na njaa."

"Na sponji? Na lozi? Na ile asumini?"

"Enza alikuwa anapenda asumini."

Alisema hivyo, kisha akanyamaza kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

"Mwalimu," alisema baadaye, "unanisahihisha?"

"Nauliza. Ulikuwa umetusamehe?"

"Andika sikumbuki."

"Unakumbuka maneno ya mama yake Saro neno kwa neno."

"Hayo ni mabaya. Mabaya yanajiweka yenyewe." Alichukua nusu chungwa la sukari, akaliweka katikati, akaliondoa, akaliweka tena. "Nilikuwa namchukia Enza. Andika hilo. Nilikuwa namchukia hata nilipokuwa napaka sukari. Halafu nikafikiri, kule mizabibuni hawana hata kijiko. Nikaweka vijiko viwili kwenye sinia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sasa wewe na shahada yako niambie hiyo inaitwaje."

Vijiko nilikuwa nimevisahau kabisa. Vilikuwepo. Viwili.

Giada alirudi na sukari isiyohitajika. Ninfa alifunika keki kwa kitambaa na kunisindikiza hadi mlangoni. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Kesho sitaondoka keki ikija. Magoti hayataki tena ule mteremko. Nitakaa pale mtoto aliponiweka. Kwa hiyo utasema lolote utakalosema nikiwa nakutazama usoni."

"Unataka niseme nini, Ninfa? Kwa mara ya mwisho nakuuliza."

"Na mimi kwa mara ya mwisho nakwambia sijui! Unafikiri ni wewe peke yako?"

Akafunga mlango. Si kwa nguvu.

6 Aprili, saa tatu asubuhi

Jua. Hakuna upepo. Cettina amenyoosha shati langu mara mbili na hataki kunitazama. Giada anaimba bafuni.

Nimejaribu kuandika hotuba tatu. Katika ya kwanza Donna Gesualda anasamehe, kila mtu analia panapostahili, na mwanamke aliyekaa kwenye kiti cha Enza hayupo. Katika ya pili ninasema yote, na mwanamke huyo anavuliwa nguo mbele ya watu wanaokula. Katika ya tatu nimeandika, "Kulikuwa na sinia, na ndani yake vijiko viwili," kisha sikujua niendelee vipi, kwa sababu sentensi inayofuata inahitaji mtenda, na mtenda mwenyewe hajaniruhusu nimtaje wala nisimtaje. Nimezikunja zote tatu na kuziacha juu ya meza. Sitakwenda na karatasi.

Misa ni saa tano, chakula saa saba. Keki italetwa baada ya kahawa. Nina saa sita, labda sita na nusu kama wale wa upande wa bwana harusi watataka kupiga picha.

Sijawahi kuingia darasani bila kujua nitakachosema. Cettina ananiita, gari limefika. Nikishaamua nitakuandikia, na kama nitaamua nikiwa nimekwisha kusimama, na Ninfa akinitazama usoni, basi utanivumilia hadi kesho asubuhi.